Jirani Yake Zefania

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana na kwenu, kwa hiyo msomaji atakayehisi kwamba anamfahamu kiongozi fulani humu ndani aende akapimwe macho. Jina la nchi yenyewe silitaji. Siogopi mtu. Ni kwamba Wizara ya Jina la Taifa bado inalifanyia ukarabati, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu.

Ni nchi nzuri, yenye katiba nene. Upande wa mashariki inapakana na mto, na ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, nzuri vilevile, yenye watu wanaokula chakula kilekile na kugombana na wake zao kwa maneno yaleyale. Ili raia wasichanganyikiwe, serikali iliwatangazia kwamba watu wa ng'ambo ni tofauti kabisa na wao. Wataalamu bado wanaitafuta tofauti yenyewe, na kila mwaka wanapewa gari jipya la kuitafutia.

Zamani kazi ya kuwasaka wageni wasio na vibali ilikuwa ya makao makuu. Makao makuu yalipochoka yakaitupia kata, chini ya kaulimbiu tamu ya Kusogeza Uzalendo Karibu na Wananchi. Kata ya Magingo iliipokea kwa vifijo na bendi ya shule ya msingi. Ikaanza na kipimo cha ugali: mshukiwa anawekewa ugali unaofuka moshi, ukimuunguza vidole basi si wetu. Siku ya kwanza wakanaswa walimu wanne, mgambo aliyekuwa akiwanasa walimu, na mama mkwe wa diwani. Mama mkwe alivushwa mto asubuhi, akarudi mchana na fungu la mchicha, akapika, akala. Diwani mwenyewe hakupakuliwa.

Kikafuata kipimo cha wimbo wa taifa. Hicho nacho kiliachwa haraka, maana ilibainika kwamba wanaoujua ubeti wa pili ni wageni tu.

Ndipo Halmashauri ikajifungia siku tatu, ikatoka na Sheria Ndogo ya Kuuliziwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni sheria ya busara mno. Kwa desturi ya Magingo, mtu asipoonekana siku mbili watu humwulizia. "Fulani mbona haonekani? Mzima kweli?" Ndivyo watu wanavyoishi pale tangu enzi. Halmashauri ikaona kipimo ndicho hicho: mwenyeji ni mtu anayeuliziwa. Kwa hiyo mshukiwa atawekwa kimyakimya, bila tangazo, katika ghala la zamani la pamba kwa siku saba. Dirishani atakaa karani na daftari. Wakija watu saba kumwulizia kwa hiari yao, huyo ni wetu, anapewa cheti na kupigiwa makofi. Wasipofika saba, mto ule pale.

Ndugu wa damu hawahesabiwi. Mke hahesabiwi, sheria inafafanua kwamba mke haulizii, mke anatafuta. Na kumtuma mtu aende akaulizie ni kosa, linaitwa uchochezi.

Watu wa haki za binadamu walifika kutoka mji mkuu kupinga. Walisema mhamiaji naye anastahili haki sawa na mwenyeji. Halmashauri ikakubali palepale, hata chai haikupoa. Lakini kwa kuwa haikuwa na haki za akiba za kumwongezea mhamiaji, ikampunguzia mwenyeji: ikaandikwa kwamba anayemripoti mwenzake ataingia ghalani pamoja naye, siku zilezile, kwa kipimo kilekile. Usawa ukapatikana. Watu wa haki wakapigwa picha, wakaondoka wakiangaliana.

*

Katika kata hiyo aliishi kinyozi mmoja aitwaye Mbaruku. Alikuwa amenyoa vichwa vya Magingo kwa miaka kumi na minane, chini ya banda la bati karibu na mashine ya kusaga. Alikuwa na mkono mwepesi, wembe mkali na mdomo uliofungwa. Mteja alikaa, akanyolewa, akapakwa poda, akaondoka. Mbaruku hakuwa na mazoea ya kuulizana habari na mtu. Aliona kilicholetwa kwake ni kichwa, na kichwa akakitendea haki.

Miaka mitatu nyuma akaja Zefania kutoka ng'ambo ya mto, na mashine moja ya kunyolea na kioo chenye ufa. Akaweka benchi lake hatua kumi na mbili kutoka kwa Mbaruku. Najua ni kumi na mbili kwa sababu Mbaruku alizipima, zaidi ya mara moja.

Sasa tuwe wakweli: Zefania hakujua kunyoa. Mwalimu mkuu alitoka kwake na ngazi kisogoni. Katibu wa msikiti alinyolewa ndevu upande mmoja zikawa fupi kuliko upande wa pili, akakaa hivyo mwezi mzima na akarudi tena kwa hiari yake! Hilo ndilo lililomkata Mbaruku maini. Watu walikuwa wanaharibiwa vichwa na wanarudi.

Siri ya Zefania ilikuwa kuulizia. "Mama mguu unaendeleaje? Yule mbuzi aliyekuwa mgonjwa amezaa? Na shemeji yako, ile safari alifika salama?" Alikumbuka vyote, mbuzi wote, miguu yote ya akina mama wote. Hata asiyekuwa na nywele alikwenda kukaa pale.

Mbaruku alikuwa na wivu. Siwafichi, wala yeye hakuificha nafsi yake. Aliuamkia, akauoga, akauvaa. Alihesabu vichwa vya benchi lile tangu cha asubuhi hadi cha jioni. Alijua Zefania anafungua saa ngapi, amekula nini, kikohozi chake kimeanza lini, shati la kijivu amelivaa mara ngapi wiki hii. Akiwa ananyoa mtu wake, jicho lilikuwa kule. Kicheko kikilipuka kule, wembe ulisimama hapa. Na kilichomuuma zaidi ni sakafu: jioni Zefania alifagia rundo la nywele la kujaza karai, na yeye kiganja kimoja. Akaanza kuhifadhi nywele za juzi kwenye mfuko, anazimwaga chini asubuhi ili wapita njia waone kwamba kazi ipo.

"Baba Mwanaidi," mkewe Sikudhani alimwuliza siku moja alipomletea uji, "hizi mvi ni za nani, na leo umemnyoa mtoto wa darasa la kwanza tu?"

"Watoto wa siku hizi," Mbaruku akajibu, "wana mawazo mengi."

Angeweza kuishi hivyo mpaka mwisho wa siku zake. Lakini binti yake Mwanaidi akajifungua mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa Mbaruku, na arobaini ikakaribia, siku ya kunyolewa nywele za tumboni. Mbaruku alinoa wembe wiki nzima. Alinunua poda mpya, ya kopo la bluu. Siku tatu kabla ya sherehe binti akaja, akakaa mkekani, akaangalia pembeni.

"Baba, usinikasirikie. Mtoto atanyolewa na kaka Zefania."

Mbaruku aliweka wembe chini.

"Amekuwa akimwulizia huyu mtoto tangu mimba ina miezi mitano," binti akaendelea. "Kila nikipita sokoni, 'dada, mgeni wetu hajambo?' Wewe baba hata tarehe hujawahi kuniuliza."

"Mimi ni babu yake! Babu anaulizaje? Babu anangoja!"

Siku ya arobaini alikuwepo, maana asingekuwepo watu wangesema. Kazi aliyopewa ni kushika sahani ya kupokelea nywele. Alisimama nayo, kinyozi wa miaka kumi na minane, na zile nywele laini za mjukuu wake zikadondoka kutoka mkono wa mtu mwingine, tena mkono mzito, na mtoto hakulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbaruku alitamani mtoto alie, hata kidogo tu, na kwa kutamani hivyo akajichukia, na kwa kujichukia akamchukia Zefania mara mbili. Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni pa ofisi ya kata kabla haijafunguliwa.

*

Afisa Uenyeji wa Kata, Mheshimiwa Ghalibu Tindo, alikuwa mtu mpana aliyezungumza kana kwamba kila sentensi yake inakatwa utepe.

"Karibu, mwananchi mwenye wasiwasi! Serikali yako inakuthamini, inakusikiliza, na inakuomba usiegemee hiyo meza, ina mguu mmoja wa muda. Hii hapa Fomu ya Wasiwasi. Wasiwasi wako ni mkubwa, wa kati, au wa kujitakia?"

"Mkubwa," akasema Mbaruku.

"Hongera. Mshukiwa ana kosa gani?"

Mbaruku alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini kilichomtoka ni ukweli. "Anaulizia watu."

Mheshimiwa Ghalibu akashusha kalamu. "Anawaulizia nini?"

"Kila kitu. Miguu. Mbuzi. Safari. Mtu mwema gani anataka kujua habari za mbuzi asiye wake?"

"Lo! Hiyo ni kazi ya idara nzima kule makao makuu," akanong'ona afisa, na akaandika kwa herufi kubwa. Kisha akakumbuka wajibu wake. "Sheria inanitaka nikukumbushe kwamba na wewe utaingia ghalani. Usawa, unajua. Unahitaji watu saba."

Mbaruku nusura acheke. "Mheshimiwa, kata hii nimeishika kichwa chote. Kaburi la babu wa babu yangu liko nyuma ya shule. Watu saba? Kabla ya saa sita mchana watakuwa wamefika, na mimi niko nyumbani nakula. Yeye nani atamkumbuka? Katokea juzi."

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema Mheshimiwa Ghalibu kwa moyo mkunjufu, akapiga muhuri.

*

Kabla ya kuingia ghalani kila mmoja alipewa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri. Ndani yake mna Haki za Mhamiaji, kurasa sita, mgambo alieleza, na juu imeandikwa: Isifunguliwe Ndani ya Mipaka ya Nchi. Haki ni kitu nyeti, zikifunguliwa ovyo zinaharibika.

Ghala lilikuwa na mikeka miwili, mtungi wa maji, na dirisha la juu ambalo kupitia kwalo walisikia kila neno la huko nje kwa karani, ila wao kutoa sauti ni marufuku. Zefania alipomwona Mbaruku analetwa, aliruka juu.

"Kaka Mbaruku! Na wewe wamekusemea? Jamani! Mtu wa hapa hapa, wa kuzaliwa! Ni nani huyo mwenye roho mbaya?"

"Sijui," akasema Mbaruku, akageukia ukuta.

Karani wa dirishani alikuwa Bi Zamoyoni, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyeandika polepole na kutamka anachokiandika. Saa moja unusu asubuhi, sauti ya kwanza ikaja. Ilikuwa ya muuza vitumbua.

"Shikamoo Bi Zamoyoni. Jamani, Zefania yuko wapi? Nimempitishia vitumbua vyake hayupo, nimeingiwa na hofu."

"Ze-fa-ni-a, mmoja," akaandika Bi Zamoyoni.

Saa mbili akaja katibu wa msikiti, ndevu zake zikiwa bado hazijalingana. Saa tatu mwalimu mkuu. Akaja bibi wa mguu, akichechemea, akasema ametoka mbali hivyo kwa sababu tangu jana hakuna aliyemwuliza mguu wake unaendeleaje na sasa umeanza kuuma. Kila jina lilipotajwa Mbaruku alifinya kidole. Hao wote alikuwa amewanyoa, waume zao na wana wao, kwa ufundi, bila ngazi, bila pengo! Alikaa kwenye mkeka na wivu wake, uji akausukuma pembeni. Mpaka adhuhuri ya siku ya pili Zefania alikuwa na watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mgambo wa mlangoni. Alitoka nje, akavua kofia ya kazi ili Bi Zamoyoni asimtambue, akazunguka dirishani, akaulizia, kisha akarudi zamu.

Kwa Mbaruku alikuja mmoja. Alikuwa fundi bati.

"Samahani mama, namwulizia Mbaruku."

Moyo wa Mbaruku ukaruka. Alimtazama Zefania kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Ana ngazi yangu," akasema fundi bati. "Aliiazima kabla ya mvua."

"Ameulizia nga-zi," akaandika Bi Zamoyoni. "Haihesabiwi."

Sikudhani naye alikuja, akalia dirishani kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia. Akaambiwa mke anatafuta. Alikwenda sokoni, na kwa kuwa kumtuma mtu ni uchochezi, alisimama katikati ya mafungu ya nyanya akashusha pumzi kwa nguvu, mara kumi hivi, ili watu wamuulize kulikoni. Wakamwuliza. Wakampa dawa ya pumu.

Siku ya pili alasiri Zefania alipewa cheti: Mwenyeji kwa Kuuliziwa. Mheshimiwa Ghalibu akasoma hotuba ya kurasa nne kuhusu jinsi kata ilivyokuwa na imani naye tangu mwanzo. Makofi yakapigwa. Na mtu yule, badala ya kwenda nyumbani akaoge, akazunguka moja kwa moja dirishani.

"Mama, mimi sasa si mwenyeji? Basi namwulizia kaka Mbaruku. Yuko wapi?"

"Wewe unajua aliko," akasema Bi Zamoyoni. "Umetoka naye humo sasa hivi. Anayejua hahesabiwi."

"Mbona haonekani?"

"Umemwona kabla hujavaa viatu, mwanangu. Nenda."

Ndani ya ghala Mbaruku alijifunika uso kwa kanzu. Hakujua kama anatamani yule karani akubali au akatae. Kuokolewa na mtu yule! Bora mto.

*

Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Hakuna aliyekuja. Mbaruku alianza kukadiria vichwa: kama kila kichwa alichokinyoa kingetoa hatua moja tu kuelekea dirishani! Alikumbuka visogo, aliweza kuvichora vyote, lakini nyuso zilimgomea, na majina ndiyo kabisa. Siku ya sita alikuwa tayari kuhesabiwa hata kwa ajili ya ngazi.

Zefania hakuchochea mtu. Alichofanya ni kuhamisha benchi lake hatua kumi na mbili, akaliweka chini ya banda la Mbaruku, akanyolea pale. Watu wakashangaa. "Zefania, hapa si kwako. Mwenyewe yuko wapi?" Naye akajibu, "Hata mimi ndilo ninalojiuliza." Basi. Hakusema neno la ziada. Lakini mtu akishaulizwa na Zefania, au akimwona Zefania anajiuliza, hakai akatulia.

Asubuhi ya siku ya saba, Mbaruku akiwa amekunja mkeka wake kwa ajili ya safari, dirishani kukasikika kishindo cha miguu mingi. Ilikuwa sauti ya muuza vitumbua tena.

"Bi Zamoyoni, huyu kinyozi mwingine yuko wapi?"

"Yupi? Nitajie jina."

"Jina... Yule bwana asiyeongea. Jirani yake Zefania."

"Ji-ra-ni-ya-ke Ze-fa-ni-a," akaandika Bi Zamoyoni. "Mmoja."

Akaja katibu wa msikiti: namwulizia jirani yake Zefania. Mwalimu mkuu: yule mzee wa karibu na Zefania, mbona haonekani? Bibi wa mguu: jirani yake Zefania, mzima kweli? Wanne, watano, sita. Wa saba alikuwa fundi bati, na safari hii hakutaja ngazi; alisema tu kwamba jirani yake Zefania hajaonekana wiki nzima, isije ikawa anaumwa. Nje vigelegele vya Sikudhani vikapasua anga. Mbaruku alikuwa amesimama katikati ya ghala, machozi yanamtoka, na hayakuwa ya furaha.

Mlango ukafunguliwa. Mheshimiwa Ghalibu akaingia na cheti kwenye mto wa kitambaa chekundu, Bi Zamoyoni nyuma yake na daftari.

"Mwananchi! Taifa limekuulizia! Limebaki jambo dogo tu la kisheria. Daftari limemtaja mtu aitwaye Jirani Yake Zefania. Je, wewe ndiye?"

Mbaruku alijua vizuri kilichotakiwa. Ni neno moja. Angesema ndiyo, angevuka mlango, angeshikwa mkono na mkewe, angekula nyumbani. Na kesho yake asubuhi angefungua banda akiwa ameandikwa katika daftari la serikali, kwa muhuri, maisha yake yote, kwamba yeye ni kitu kilicho karibu na Zefania. Mjukuu wake angekua akiulizwa babu yako ni nani, ajibu nini? Roho ilimchoma kama imemwagiwa pilipili.

"Mimi ni Mbaruku," akasema.

"Tunajua, tunajua. Lakini je, ndiye jirani yake Zefania?"

"Zefania ndiye jirani yangu. Mimi nilikuwepo kwanza."

"Baba," akasihi Bi Zamoyoni, kalamu tayari juu ya daftari, "nikubalie tu kwa kichwa. Itikia hata kwa kichwa."

Nje Sikudhani alikuwa anapiga kelele kupitia dirishani: "Sema ndiyo, Mbaruku! Sema ndiyo, kiburi gani hicho! Ndiyo!"

"Simjui mtu huyo mliyemwandika," akasema Mbaruku. "Waliomwulizia hawakuniulizia mimi."

Mheshimiwa Ghalibu alisikitika kikweli, maana alikuwa na hotuba nyingine ya kurasa nne. Akafungua daftari, akapiga mstari, akatangaza kwamba Jirani Yake Zefania ni mwenyeji halali wa kata ila hajulikani aliko, na kwamba Mbaruku, mshukiwa, hakuuliziwa na mtu yeyote.

*

Walimvusha kabla ya saa tano, kwa heshima zote, maana haki za mhamiaji zinasema asivushwe maji yakizidi magoti. Maji yalikuwa chini ya magoti. Mheshimiwa Ghalibu alisoma tamko la majuto kwa lugha mbili, na lugha zote mbili zilikuwa moja. Sikudhani alimsindikiza mpaka ukingoni.

"Neno moja tu," akasema. "Miaka yote hii nakulalamikia huongei, na siku unayotakiwa kusema neno moja, unasema ishirini."

"Utanifuata?"

"Nitakufuata nikishamaliza kukukasirikia. Si wiki hii."

Katikati ya mto, palipo mpaka, Mbaruku alivunja lakiri ya bahasha yake. Kurasa tano zilikuwa za utangulizi. Ya sita ilisema: Haki zote zilizotajwa humu zinatumika ndani ya mipaka ya nchi tu. Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaendelea kuvuka.

Ng'ambo palikuwa na uwanja wa changarawe, meza ya serikali chini ya turubai, na mama mmoja mzee aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha. Mbaruku akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umetoka Magingo?" Mama alikuwa ameshasimama, kifuniko cha sufuria mkononi. "Basi niambie. Kila anayevuka hapa namwuliza. Kuna kijana wangu kule, kinyozi, anaitwa Zefania. Unamjua? Mzima?"

Hata huku! Mbaruku alihisi wivu unamwinukia upya, mbichi kabisa, kana kwamba ulitangulia kuvuka ukamngoja. Alitaka kusema simjui. Alifungua mdomo aseme simjui, lakini mama yule alikuwa anamtazama mdomoni.

"Mzima," akasema. "Anafungua saa kumi na mbili na nusu. Anakula vitumbua vitatu, cha nne anampa mtoto yeyote anayepita. Kikohozi kilimwanza wakati wa baridi, kimeisha, alitumia tangawizi. Ana shati la kijivu, analipenda mno, kiwiko kimechanika, ameshona mwenyewe vibaya. Kunyoa hajui. Hajui kabisa mama, nakwambia kweli, lakini benchi lake linajaa, mwalimu mkuu, katibu wa msikiti, wote kwake. Akicheka hufunika mdomo."

"Anafunika mdomo!" mama akapiga ukelele. "Ndiye! Tangu utoto, jino lile! Njooni, njooni jamani, kuna mtu ametoka kwa Zefania!"

Wakaja. Wajomba, shangazi, mwenye baiskeli, waliokuwa wanafua. Akaletewa kiti, akaletewa muhogo na chumvi. Wakamzunguka, wanauliza, naye anajibu, na hakukuwa na swali lililomshinda, maana kwa miaka mitatu hakuna binadamu aliyemtazama Zefania kwa bidii kama yeye. Mbaruku hakuwahi kuzungukwa na watu wengi hivyo. Kila jibu lilimwuma, na akalitoa.

Ndipo ofisa wa nchi ile akanyanyuka kutoka mezani, akaja na fomu yake.

"Huyu mgeni anaingia kwa misingi gani? Nani wenu anamjua?"

Watu wakatazamana. Kumbe hata jina hawakumwuliza.

"Mimi ninayo nafasi moja tu ya kujaza," akasema ofisa, si kwa ubaya. "Uhusiano na mkazi au mzaliwa wa hapa. Isipojazwa narudisha mtu mtoni, na upande ule hawakutaki. Wewe ni nani wa huyo Zefania?"

Mbaruku aliutazama mto. Ng'ambo ya pili alimwona mkewe, bado amesimama ukingoni, mikono kiunoni, anamkasirikia. Mama wa mihogo alimshika bega.

"Rafiki," akasema Mbaruku, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Ofisa akaandika. "Na huyo rafiki yako, tukituma mtu kule kuhakikisha, anaweza kukutambua? Maana wengi hujitajia tu marafiki. Yeye ana habari na wewe?"

"Huyo?" akasema Mbaruku, na hasira ikampanda, na sauti ikamkatika. "Huyo hana haja ya kutumiwa mtu. Saa hizi ameshaanza kuniulizia."